Fundi Anajibu: Pedali ya klachi inapozama

Barua za safari hii karibu zote zinazungumzia jambo moja: klachi inayosukumwa kwa mafuta, ile isiyotumia waya, kwenye magari yaliyokwisha kula chumvi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenye barua ameshatoa hela bila kupona, na anakaribia kutoa nyingine nyingi zaidi.

Shikamoo mzee. Nina pikapu ya dizeli ya mwaka 1988. Asubuhi pedali ya klachi inashuka mpaka sakafuni na gia ya kwanza inagoma. Nikiipampu mara mbili tatu inapanda, gia zinaingia vizuri. Ila nikisimama kwenye foleni nikiwa nimekanyaga klachi, baada ya muda gari linaanza kujivuta lenyewe. Nilibadilisha masta ya chini, likatulia kidogo, kisha tatizo likarudi. Mafuta kwenye kikopo yanapungua polepole lakini chini ya gari ni pakavu. Fundi wangu anasema klachi pleti imekwisha, tushushe giaboksi. Nikubali? — Mwenye Pikapu

Marahaba, mwanangu. Usikubali. Pedali inayopanda kwa kupampu haina ugomvi na giaboksi. Klachi pleti, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, ikiisha huteleza: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari halikimbii. Yako inafanya kinyume chake, inakataa kuachia. Na pleti haijawahi kupona kwa mtu kupampu pedali. Kinachopona kwa kupampu ni mafuta yasiyofika yanakotakiwa.

Fuata mwendo wa mguu wako. Ukikanyaga, fimbo fupi inasukuma pistoni ndani ya masta ya juu, silinda iliyo mbele ya pedali. Mafuta yanashuka kwenye bomba la chuma, yanapita kwenye hosi ya mpira, yanaingia masta ya chini, silinda iliyo kwenye giaboksi. Pistoni ya huko inatoka, fimbo yake inasukuma foku (wenzo wenye umbo la uma), foku inasogeza beringi, beringi inabonyeza vidole vya presha pleti (bamba linaloikandamiza klachi pleti), na hapo ndipo klachi inapoachia. Mafuta hayasinyai yakibanwa, kwa hiyo ulichosukuma juu lazima kitokeze chini. Kisipotokeza, kuna mahali kimepotelea. Mimi sifungui nati hata moja kabla sijajua ni wapi, na ningependa na wewe uwe hivyo, kwa sababu masta ya chini uliyoinunua ilinunuliwa kwa kukisia.

Fungua kikopo kwanza. Klachi hii hutumia mafuta ya breki, na yakiwa mapya hayana rangi au yana umanjano uliopauka. Yako nabashiri ni meusi, na ukichovya kidole na kukisugua utahisi masizi laini. Hiyo ni raba inayosagika pamoja na kutu ya ndani ya silinda. Mafuta haya hunyonya unyevunyevu wa hewani yenyewe, hata gari likiwa limeegeshwa tu, na unyevu huo ndio unaokula chuma. Ndiyo sababu watu wa kazi hii tunasisitiza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na ndiyo sababu watu wenye magari hawatusikilizi, maana kwenye klachi hakuna taa ya kuwakumbusha.

Sasa ingia upande wa dereva, lakini utangulize kichwa badala ya makalio. Chukua tochi, lala chali, tazama pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na dereva. Hapo pana kofia ndogo ya raba ya kuzuia vumbi. Ivute nyuma kwa ncha ya bisibisi bapa, pitisha kidole. Mafuta ya breki yana utelezi ambao huwezi kuuchanganya na wa dizeli wala wa grisi, na hayana harufu kali. Kisha angalia rangi ya bati chini ya fimbo hiyo. Mafuta haya hubabua rangi: utaona imevimba, imekunjamana, au imebanduka kwa mstari unaoshuka mpaka chini ya zulia. Inua zulia lenyewe ukalibonyeze. Likitoa maji yanayoteleza, umeshajua mafuta ya kikopo yanakwenda wapi na kwa nini ardhi chini ya gari ni kavu. Yanamwagika ndani, kwenye miguu yako.

Hata masta mpya ya chini usiiamini kwa upya wake. Ingia chini, vuta kofia ya raba iliyo kwenye fimbo. Unyevu kidogo si kesi. Yakimwagika matone, raba ya ndani inavuja na ile kofia ilikuwa inakusitiria aibu kwa kuyahifadhi.

Kuna jambo jingine kwenye barua yako ambalo fundi wako alipaswa kulisikia: gari kujivuta kwenye foleni. Masta ya juu ina raba mbili. Ya nyuma huzuia mafuta yasitoke upande wa pedali. Ya mbele ndiyo inayosukuma. Ile ya mbele ikichakaa haimwagi chochote nje. Mafuta yanapita pembeni ya ukingo wake na kurudi kikoponi. Ukikanyaga kwa haraka ukingo unafunguka na kubana silinda, ndiyo maana kupampu kunasaidia. Ukikanyaga polepole, au ukishikilia muda mrefu, mafuta yanapata nafasi ya kupenya, shinikizo linapungua, klachi inaanza kubana, gari linaondoka na wewe. Jaribu mwenyewe leo: kanyaga kwa pigo moja la haraka kisha uweke gia, halafu rudia kwa kukanyaga taratibu sana. Kukiwa na tofauti kubwa kati ya hayo mawili, raba ya mbele imekwenda.

Ukitaka uthibitisho wa kuonekana kwa macho, mtafute wa kukukanyagia. Zima injini, vuta hendibreki, weka magogo kwenye matairi. Lala pembeni ya giaboksi ukiwa na rula, uiweke sambamba na fimbo ya masta ya chini. Akikanyaga mpaka mwisho, pima fimbo imetoka kiasi gani. Kwa magari mengi ya rika la pikapu yako ni zaidi ya sentimita moja. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Kisha mwambie ashikilie vivyo hivyo kwa dakika nzima. Usiongee naye, tazama fimbo tu. Ikianza kurudi ndani taratibu wakati mguu wake haujasogea, na masta ya chini ni kavu, kesi ya masta ya juu imekwisha na hakuna haja ya shahidi mwingine.

Kwa maelezo uliyonipa nina hakika raba zote mbili za juu zimechoka. Hili hutokea sana mtu akibadilisha masta moja. Zilizaliwa pamoja, zikaishi kwenye mafuta yale yale machafu, kwa hiyo moja ikifa nyingine iko njiani. Ningekuwa mimi ningezibadilisha pamoja na hosi ya katikati, siku moja, mafuta mapya mara moja, basi.

Ukitaka kuirekebisha badala ya kununua nzima, inawezekana, kwa sharti moja nitakalolitaja. Nyonya mafuta yote ya kikopo kwa bomba la sindano. Tandika matambara yaliyolowa maji kwenye rangi iliyo karibu, na yakidondoka mwagia maji palepale, usisubiri. Nati ya bomba la chuma ifungue kwa ile spana ya ringi yenye mkato, ya mabomba. Spana ya kawaida ya mdomo wazi itaiviringa kona, na baada ya hapo utajuta mchana kutwa. Toa pini ya fimbo kwenye pedali, kisha nati mbili za kwenye bati. Ifunge masta kwenye jiliwa kwa kushika masikio yake, usibane mwili wa silinda. Ondoa kofia, bonyeza fimbo kidogo ndani, toa klipu ya mviringo, pistoni itatoka na springi yake.

Hapa ndipo penye sharti. Futa ndani ya silinda kwa kitambaa safi, mulika kwa tochi ukiwa umeielekeza kwenye mwanga, na uzungushe polepole. Madoa ya kahawia yanayofutika si neno. Vishimo vya kutu ndivyo adui, na mara nyingi huwa upande wa chini ambako maji hutuama. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, raba mpya utakayoweka itachanwa na vishimo hivyo na utarudi kuniandikia. Nunua masta nzima. Silinda ya chuma yenye mikwaruzo myepesi inaweza kusafishwa kwa kifaa chake cha kusugulia silinda; ya aluminiamu usiisugue, kwa sababu utaondoa ngozi ngumu iliyotengenezewa juu yake na itachakaa upesi.

Silinda ikiwa nzima, osha kila kitu kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki. Petroli na dizeli ziwe mbali, zinavimbisha raba. Kabla ya kutoa raba kuukuu, zichore kwenye karatasi jinsi zilivyoelekea. Ukingo mpana wa raba inayosukuma lazima utazame kule mafuta yanakosukumiwa. Ikigeuzwa, pedali itakuwa haina kitu na utadhani umeuziwa spea mbovu. Paka mafuta ya breki, ingiza kwa kuzungusha taratibu ili ukingo usijikunje, rudisha klipu uhakikishe imekaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima.

Ukiifunga, acha fimbo iwe na uhuru mdogo kabla ya kugusa pistoni, kama milimita moja. Kwa nini, soma jibu la barua ya nne.

Fundi, pole na kazi. Gari langu ni saluni la mwaka 1992. Nimeweka masta zote mbili mpya, nimetoa upepo hadi chupa za mafuta zimeisha, pedali bado ni nyepesi mno na gia zinaingia kwa kulazimisha. Masta ya chini ya namba ileile nilikosa, nikachukua inayofanana. Matundu ya bolti yalikaa sawa kabisa. — Mchoka Kupampu

Matundu ya bolti kukaa sawa hakuthibitishi kitu. Kinachotawala ni upana wa silinda ndani. Namba hiyo huwa imechongwa au kuumbwa kwenye mwili wake, kwa milimita au kwa inchi: 3/4 ni milimita 19, 7/8 ni milimita 22 na kitu. Tuseme yako ya awali ilikuwa 19 na uliyofunga ni 22. Eneo la pistoni hukua kwa kipeo cha pili, kwa hiyo gawanya 361 kwa 484. Utapata kama 0.75. Kiasi kilekile cha mafuta kutoka juu sasa kinasogeza fimbo robo tatu tu ya mwendo wa zamani. Robo iliyopotea ndiyo iliyokuwa inaachisha klachi. Na kwa kuwa pistoni pana husukuma kwa nguvu zaidi, pedali inakuwa nyepesi, jambo ambalo wengi hulifurahia kabla hawajajaribu rivasi. Kwa hiyo soma namba kabla hujamwaga tone jingine la mafuta.

Namba zikilingana, basi ni upepo kweli, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta, na huenda hukosei bidii bali unapigana na asili ya hewa. Hewa inapanda. Wewe unaikanyaga ishuke. Bomba la klachi likiwa na kona iliyoinuka katikati, povu linajificha pale juu, linashuka kidogo ukikanyaga, linarudi ukiachia. Unaweza kumaliza chupa na chupa.

Angalia kwanza skrubu ya kutolea upepo iko wapi kwenye masta ya chini. Lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya silinda. Kuna masta zinazoweza kufungwa kichwa chini miguu juu na bado bolti zikakubali, skrubu ikaangalia ardhini, na hapo hewa haitoki ng'o. Ikiwa muundo wa gari lako ndio unaoiweka pembeni, ifungue masta ya chini bila kutoa hosi, iinue ili skrubu iwe juu, huku pistoni umeibana kwa mkono au kwa kipande cha waya. Mtu yeyote asiguse pedali wakati huo, pistoni itaruka na mafuta yatakuja usoni.

Ukiwa nayo mkononi hivyo, skrubu ikiwa imefungwa na kifuniko cha kikopo kimetolewa, sukuma pistoni ndani kwa dole gumba taratibu mpaka mwisho, iachie irudi, sukuma tena. Mwambie mwenzako atazame kikopo. Utamsikia akisema "yanatoka", na ni kweli, mapovu yanapanda kwa njia yao yenyewe. Kwa magari mengi sana nimeishia hapo na pedali ikawa nzuri.

Njia nyingine ni kusukuma mafuta kutoka chini kwenda juu. Chukua bomba kubwa la sindano na mpira mwembamba unaoona ndani, lijaze mafuta mapya, toa hewa ya kwenye mpira, uvike kwenye skrubu, legeza skrubu robo mzunguko, sukuma polepole. Nyonya kikoponi kabla, vinginevyo kitafurika juu ya rangi.

Ukibaki na njia ya watu wawili, mpangilio ni huu na hauna mkato: anakanyaga na kushikilia, unafungua, mafuta yanatoka, unafunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, mmevuta hewa upya. Na kikopo kisikauke. Watu wanaangalia skrubu wanasahau kikopo.

Kuna mgonjwa wa mwisho ambaye hajatajwa kwenye barua yako: hosi. Umebadilisha masta mbili ukaacha hosi ya 1992. Mwombe mtu akanyage huku umeizungushia vidole. Hosi iliyochoka inajaa kama koo la chura kila pedali inaposhuka. Mafuta yanayoipanua ndiyo yaliyotakiwa kusogeza foku.

Habari za leo, fundi. Mimi ni dereva wa basi dogo la zamani. Pedali yangu ni ngumu na iko juu, hakuna kinachovuja, mafuta hayapungui. Ila rivasi inalia kila nikiiweka, na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. — Dada Dereva

Nzuri, dada yangu. Kipimo ni kilekile cha rula kwenye fimbo ya chini. Fimbo ikitoka kidogo wakati pedali ni ngumu, tatizo liko juu, na si la mafuta.

Tazama pini inayounganisha pedali na fimbo ya masta. Kwenye magari ya umri huu pini inaliwa katikati hadi inakuwa na kiuno, na tundu la pedali linakuwa yai. Uwiano wa pedali ukiwa tano kwa moja, milimita mbili zinazochezacheza kwenye pini ni sentimita nzima ya mguu inayopotea kabla pistoni haijaguswa. Pini mpya ni kitu kidogo mno. Tundu lililotanuka lijazwe kwa kulehemu na litobolewe upya, au liwekewe bushi.

Kisha mwombe mtu akanyage, wewe ukiwa umefungua boneti na jicho liko kwenye mwili wa masta ya juu. Usitazame fimbo, tazama masta yenyewe. Ikisogea mbele pedali inaposhuka, ukuta wa bati umepasuka au umelegea pale nati zilipofungwa. Ufa huo huwa mwembamba, na pedali ikiachiwa unajifunga usionekane. Ukikanyagwa unafunguka kiasi cha kupitisha wembe. Hapo ni kulehemu ufa na kuongeza bamba la chuma nyuma yake. Nimeona watu wakiweka masta mpya juu ya bati la namna hiyo, na nimeona pia masta hiyo mpya ikirudishwa dukani kwa matusi.

Fimbo ikitoka kwa kipimo kamili na gia bado zinalia, basi mwendo umefika na unapotelea ndani ya nyumba ya klachi. Fanya jaribio hili: injini iungurume taratibu, gia nyutro, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu polepole hadi kumi, ndipo uweke rivasi. Rivasi kwa magari mengi ya zamani haina kisawazishi, kile kinacholinganisha mizunguko kabla gia hazijashikana, kwa hiyo haifichi siri. Ikiingia kimya baada ya kusubiri, klachi inaachia, ila shafti inayoingia giaboksi ilikuwa bado inazunguka kwa mazoea. Jipe subira kila mara. Ikilia hata baada ya kusubiri, kuna kitu kinaendelea kuzungusha shafti: pleti iliyopinda, meno ya shafti yenye kutu yanayoizuia pleti kuteleza, foku iliyopasuka au egemeo lake lililoliwa, au ile beringi ndogo iliyo mwishoni mwa krankishafti imekwama na inaiburuza shafti. Kwa haya, ndiyo, giaboksi ishuke. Ikishashuka, badilisha pleti, presha pleti na beringi zote mbili kwa pamoja, na meno ya shafti yapake grisi kidogo mno. Grisi nyingi hurushwa kwenye pleti na utaanza kuteleza.

Na gari lako likiwa na masta ya chini ya duara iliyokaa ndani, inayozunguka shafti, usiirudishe kuukuu hata kama ni kavu. Ili kuifikia tena itabidi giaboksi ishuke upya.

Klachi yangu ni mpya, lakini inateleza. Ajabu ni kwamba asubuhi ni nzima, inaanza kuteleza gari likishapata joto. Nikilipumzisha inapona. — Msomaji wa siku nyingi

Hii ni barua ninayoipenda, kwa sababu jibu lake mara nyingi halihitaji kununua kitu. Ndani ya masta ya juu kuna tundu dogo sana linalounganisha silinda na kikopo pedali ikiwa juu. Kupitia hapo mafuta yaliyotanuka kwa joto hurudi kikoponi. Fimbo ya pedali ikiwa imerekebishwa ndefu kupita kiasi, pistoni haifiki nyuma kabisa, raba inabaki imeziba tundu. Mafuta yanapata moto, yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma foku. Ni sawa na kuendesha huku umekanyaga klachi nusu.

Subiri ianze kuteleza, simama mahali salama, zima injini, fungua kidogo skrubu ya upepo ya masta ya chini kisha ufunge. Mafuta yakiruka kwa shinikizo na gari likaacha kuteleza, pleti yako haina hatia. Siku ya pili, ikiteleza tena, usianze na skrubu: legeza kwanza nati ya bomba pale linapotoka masta ya juu. Shinikizo likitokea hapo na kuteleza kukaisha, kosa ni fimbo au tundu. Lisipoisha mpaka ufungue skrubu ya chini, hosi imebomoka ndani na inaruhusu mafuta kwenda lakini inayazuia kurudi, itupe.

Kurekebisha fimbo: legeza nati ya kufungia, izungushe fimbo iwe fupi mpaka uhisi kwa vidole inacheza kidogo kabla ya kugusa pistoni. Kaza. Klachi ikiendelea kuteleza hata baada ya uhuru huo kupatikana, tundu limezibwa na uchafu au raba imevimba, na raba ikivimba mara nyingi kuna mtu alimimina mafuta yasiyostahili.

Mafuta ya klachi yakiisha njiani, naweza kuongeza mafuta ya injini nifike nyumbani? Na kama hayafai, nitafikaje? — Msafiri

Hayafai hata tone. Mafuta ya injini, ya usukani na ya giaboksi huvimbisha raba zilizotengenezewa mafuta ya breki. Utafika nyumbani, kisha utabadilisha raba zote na hosi. Kwenye magari ambayo klachi na breki zinatumia kikopo kimoja, utabadilisha na za breki, ukibahatika kuligundua hilo kabla ya mteremko. Soma kifuniko cha kikopo. DOT 3 na DOT 4, ambayo ni madaraja ya mafuta ya breki, huchanganyika; DOT 4 huvumilia joto zaidi, huanza kuchemka si chini ya nyuzi 230 ikiwa mpya, DOT 3 si chini ya 205. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. DOT 5.1, pamoja na jina lake kufanana, ni ndugu wa DOT 4. Kuna magari machache na pikipiki zinazotumia mafuta ya madini kwenye klachi, nazo huandikwa hivyo. Huko mafuta ya breki ndiyo yanayoua.

Kufika bila klachi kunawezekana kwa safari fupi kwenye barabara tulivu. Hakikisha mbele ni wazi na breki ni nzima, hasa kama kikopo ni kimoja: breki zikiwa na dalili yoyote ya ulaini, liite gari la kuvuta. Injini ikiwa imezimwa, weka gia ya kwanza, piga stata. Gari litajikokota na injini itawaka. Kupanda gia, achia pedali ya mafuta, toa gia mkono ukiwa mwepesi, subiri mzunguko ushuke, ielekeze ya pili bila kulazimisha. Itaingia yenyewe mizunguko ikikutana. Kushuka gia kunataka kugusa pedali ya mafuta kidogo ukiwa nyutro. Ukilazimika kusimama, toa gia ukaribiapo kusimama, zima injini, anza upya na ya kwanza. Magari mengine yana swichi inayozuia stata mpaka klachi ikanyagwe. Swichi hiyo inahisi pedali tu, kwa hiyo ikanyage hata kama haina mafuta, stata itazunguka.

Walioniuliza kuhusu klachi za waya, barua zenu ninazo. Nitazijibu toleo lijalo.